Wengi Wape, Lakini Wengi ni Akina Nani? Kufundisha Kanuni za Kuhesabu Kura na Hatima ya Chama cha Tatu

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja ya msingi, tukimtazama mwanachuo wetu akiendesha uchaguzi wa kiranja. Wagombea walikuwa watatu, na wanafunzi 41 walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wa kwanza alipata kura 16, wa pili 13, na wa tatu 12. Mwanachuo akamtangaza wa kwanza kuwa kiranja, kisha akaandika ubaoni methali inayojulikana na wote: Wengi wape. Hapo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona sisi tusiomchagua ni 25?" Mwanachuo akamwamuru aketi, na somo likaendelea.

Baadaye, katika kikao cha tathmini, mwanachuo alikiri kwa unyofu kwamba hakujua la kujibu. Nasi tulipojihoji tuliona kuwa kosa lilikuwa letu kabla halijawa lake. Tulikuwa tumemfundisha namna ya kuendesha uchaguzi darasani: masanduku, siri ya kura, utulivu wa wapigakura. Hatukuwa tumemfundisha kwamba kura hazijihesabu zenyewe. Huhesabiwa kwa kanuni, na kura zilezile zikihesabiwa kwa kanuni nyingine huweza kumpa ushindi mtu mwingine.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu anayejiandaa kufundisha jambo hilo katika somo la uraia. Tutaanza na maana ya maneno, tutaeleza somo moja linaloweza kufundishwa kwa mbegu na makopo, kisha tutatazama mifano ya kweli kutoka Marekani, Uingereza na New Zealand. Mifano hiyo itatuonyesha kwa nini katika baadhi ya nchi vyama viwili hutawala siasa kwa miaka mingi, na kwa nini chama cha tatu hupata kura nyingi kikakosa viti.

Maana ya maneno

Neno "wengi" lina maana mbili ambazo hatuna budi kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni zaidi ya nusu: katika watu 41, wengi ni 21 au zaidi. Huu tutauita wingi halisi. Maana ya pili ni kuwazidi wengine mmoja mmoja: aliyepata 16 amemzidi mwenye 13 na mwenye 12, ijapokuwa hakufika nusu. Huu tutauita wingi wa kulinganisha. Wagombea wakiwa wawili tu na kura zisipolingana, maana hizi mbili hukutana na hakuna ugomvi. Anapoingia wa tatu, maana hizo huweza kuachana, na hapo ndipo swali la mtoto yule linapozaliwa.

Kanuni za kuhesabu ni nyingi, lakini kwa shule ya msingi zatosha tatu. Katika kanuni ya wingi wa kulinganisha, kila jimbo hutoa mshindi mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake huchukua kiti. Katika kanuni ya wingi halisi, mshindi lazima avuke nusu; asipopatikana, hufanyika duru ya pili, au kura za aliye wa mwisho hugawiwa kwa chaguo la pili la waliompigia. Katika kanuni ya uwiano, viti hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao, hivyo chama chenye robo ya kura hupata karibu robo ya viti.

Somo la mbegu

Zana zinazohitajika ni mbegu za mahindi, maharage na choroko, makopo matano, na kadi 45 zilizokatwa kutoka katika karatasi zilizokwisha tumika. Darasa lenye watoto 90 liongezewe kadi mara mbili. Swali linalopigiwa kura ni hili: fedha zilizopatikana katika bustani ya shule zinunue nini? Machaguo ni Mpira, Vitabu, au Ngoma. Mwalimu aandae kadi mapema, kila moja ikionyesha mpangilio wa matakwa ya mwenye kuishika:

Kadi 18: kwanza Mpira, pili Vitabu, tatu Ngoma.
Kadi 15: kwanza Vitabu, pili Ngoma, tatu Mpira.
Kadi 12: kwanza Ngoma, pili Vitabu, tatu Mpira.

Mahindi yawe kura ya Mpira, maharage ya Vitabu, na choroko ya Ngoma.

Hatua ya kwanza. Kila mtoto atie katika kopo mbegu ya chaguo lake la kwanza. Mpira utashinda kwa 18 dhidi ya 15 na 12. Kisha mwalimu aulize: ni wangapi walioweka Mpira mwisho kabisa? Watasimama watoto 27. Sasa Ngoma iondolewe, na wenye kadi zake watumie chaguo lao la pili. Vitabu vitapata 27 na Mpira utabaki na 18. Hakuna mtoto aliyebadili mawazo wala kadi iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni kanuni peke yake. Mwalimu asiharakishe hapa. Awaache watoto wabishane kidogo, kwa kuwa ubishi huo ndio somo lenyewe.

Hatua ya pili. Mwalimu arudishe kanuni ya kwanza na kuwaambia wenye kadi za Ngoma: "Mmeona matokeo. Kesho tunapiga kura tena kwa kanuni ileile. Mtafanya nini?" Kwa uzoefu wetu, hawakosekani watoto watakaosema wenyewe kwamba heri wapige kura ya Vitabu ili Mpira usishinde tena. Wakifanya hivyo, Ngoma itabaki na kura chache, na mtu asiyejua habari atasema kwamba darasa hili halipendi ngoma. Huko kutakuwa kukosea. Wapenzi wa Ngoma wapo walewale. Wamekwisha ona kwamba kwa kanuni hii kura yao huenda ikampa ushindi wasiyemtaka kabisa.

Hatua ya tatu. Darasa ligawanywe katika safu tano za watoto tisa tisa. Kila safu ni jimbo na itatoa mbunge mmoja. Kadi zipangwe hivi:

Safu ya 1: Mpira 4, Vitabu 3, Ngoma 2.
Safu ya 2: Mpira 2, Vitabu 4, Ngoma 3.
Safu ya 3: Mpira 5, Vitabu 2, Ngoma 2.
Safu ya 4: Mpira 2, Vitabu 4, Ngoma 3.
Safu ya 5: Mpira 5, Vitabu 2, Ngoma 2.

Mpira utapata viti vitatu, Vitabu viwili, na Ngoma haitapata hata kimoja, ingawa zaidi ya robo ya darasa imeichagua. Kisha kadi zilezile 45 zipangwe upya:

Safu ya 1: Mpira 2, Vitabu 1, Ngoma 6.
Safu ya 2: Mpira 2, Vitabu 2, Ngoma 5.
Safu ya 3: Mpira 5, Vitabu 4, Ngoma 0.
Safu ya 4: Mpira 5, Vitabu 3, Ngoma 1.
Safu ya 5: Mpira 4, Vitabu 5, Ngoma 0.

Sasa Ngoma ina viti viwili, Mpira viwili, na Vitabu kimoja. Kura za kila upande hazikuongezeka wala kupungua. Watoto wataona kuwa, kwa kanuni hii, swali si wangapi wanakupenda tu, bali pia wanaishi wapi.

Hatua ya nne. Viti vitano vigawiwe kwa uwiano. Kura 45 kwa viti vitano ni kura tisa kwa kila kiti. Mpira wenye 18 unapata viti viwili kamili. Vitabu vyenye 15 vinapata kimoja na kubakiwa na kura sita. Ngoma yenye 12 inapata kimoja na kubakiwa na tatu. Kiti cha tano kinakwenda kwenye baki kubwa, yaani Vitabu. Matokeo ni mbili, mbili, moja. Hapa somo la uraia linakutana na hesabu za kugawanya na baki, na mwalimu hodari hataiacha nafasi hiyo ipite.

Mifano ya kweli

Mwalimu anayefundisha jambo hili sharti ajue zaidi ya anayowafundisha watoto. Mwaka 1951 mwanachuoni Mfaransa Maurice Duverger alichapisha kitabu juu ya vyama vya siasa, naye alieleza yale ambayo mbegu zetu zimeonyesha. Alisema kwamba kanuni ya wingi wa kulinganisha katika jimbo lenye mshindi mmoja huelekea kuleta vyama viwili, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hesabu: chama cha tatu hupewa viti pungufu kuliko kura zake. Njia ya pili ni ya moyoni: wapigakura wakiisha kuona hivyo, hukikimbia ili kura zao zisipotee. Njia ya kwanza tumeiona katika hatua ya tatu ya somo letu, na ya pili katika hatua ya pili.

Marekani ndiyo nchi inayotajwa mno katika habari hii. Mwaka 1992 Ross Perot, asiyetoka katika chama chochote kati ya viwili vikubwa, alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais. Hata hivyo hakupata mjumbe hata mmoja kati ya wajumbe 538 wanaomchagua Rais, kwa kuwa katika majimbo 48 kati ya 50 mshindi huchukua wajumbe wote, naye hakushinda jimbo lolote. Mwaka 2000 jimbo la Florida liliamuliwa kwa tofauti ya kura 537 kati ya George W. Bush na Al Gore, hali Ralph Nader wa chama cha tatu alipata humo zaidi ya kura 97,000. Hatuwezi kudai kuwa kura zote hizo zingekwenda kwa Gore. Lakini somo ambalo wapigakura wengi walijifunza lilikuwa lile la wenye kadi za Ngoma.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba chama cha tatu hakina kazi. Mwaka 1892 Chama cha Watu cha wakulima wa Marekani kilidai, pamoja na mengine, kwamba maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mwaka 1896 kilimuunga mkono mgombea wa chama cha Demokratiki, William Jennings Bryan, na baada ya hapo kikafifia. Lakini dai lake juu ya maseneta liliingia katika Katiba mwaka 1913. Mara nyingi vyama vikubwa huchukua wazo la chama kidogo, kisha huwachukua na wapigakura wake.

Uingereza inaonyesha vizuri hatua yetu ya tatu. Mwaka 1983 chama cha Labour kilipata asilimia 27.6 ya kura na viti 209. Muungano wa vyama vya Liberal na Social Democratic ulipata asilimia 25.4, yaani pungufu kwa asilimia mbili hivi tu, lakini viti vyake vilikuwa 23 kati ya 650. Kura za Labour zilirundikana katika miji ya viwanda, na za Muungano zilitawanyika nchi nzima. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata asilimia 12.6 ya kura na kiti kimoja. Mwaka huohuo chama cha SNP, kilichosimama Scotland peke yake, kilipata asilimia 4.7 ya kura za nchi nzima na viti 56. Hata mwaka 2024, wapigakura wa Uingereza walipokuwa wamekwisha kutawanyika katika vyama vingi, vyama viwili vya zamani vilipata asilimia 57 hivi ya kura, lakini viti 532 kati ya 650.

New Zealand yatufaa kuliko zote, kwa sababu huko watu ni walewale na kanuni ndiyo iliyobadilishwa. Mwaka 1981 chama cha Social Credit kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura, na viti viwili tu kati ya 92. Aidha, katika uchaguzi huo, kama ule wa 1978, chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko chama cha National, lakini National ndicho kilichopata viti vingi na kuunda serikali. Wananchi walianza kuuliza swali la mtoto wa dawati la nyuma. Tume iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake mwaka 1986 ikapendekeza kanuni mpya. Baada ya kura ya maoni ya mwaka 1992, wananchi waliikubali kanuni hiyo mwaka 1993 kwa karibu asilimia 54. Kwa kanuni hiyo kila mpigakura ana kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo lake na moja ya chama, na jumla ya viti vya kila chama hufuata kura za chama. Chama lazima kipate asilimia 5, au kishinde jimbo moja, ndipo kigawiwe viti.

Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mwaka 1996, na vyama sita viliingia bungeni. National na Labour havikufa. Hadi leo ndivyo vikubwa kuliko vingine. Lakini tangu mwaka huo vimelazimika mara nyingi kutawala kwa kupatana na vyama vidogo. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa tena kama waiache kanuni hiyo, na wengi wao, kwa maana ya wingi halisi, wakakataa kuiacha.

Mipaka ya kanuni hii

Mwalimu asiifanye kauli ya Duverger kuwa sheria ya maumbile. Nchini Kanada hutumika kanuni ya wingi wa kulinganisha, na bado vyama ni zaidi ya viwili, kwa kuwa vingine vina nguvu katika sehemu moja ya nchi. Mwaka 1993 chama cha Bloc Québécois kilipata asilimia 13.5 ya kura na viti 54 katika jimbo la Quebec peke yake, wakati chama cha Progressive Conservative, kilichokuwa kikitawala, kilipata asilimia 16 na viti viwili. Nchini India nako kanuni ni hiyohiyo, na vyama bungeni ni vingi. Kanuni husukuma, lakini makabila, lugha, mikoa na historia navyo husukuma.

Yafaa pia kutazama karibu. Nchini Kenya, mwaka 1992, Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura, hali wapinzani wake watatu wakubwa, Matiba, Kibaki na Odinga, walikuwa pamoja na zaidi ya asilimia 60. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, au ifanyike duru ya pili. Hapa Tanzania, wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa wabunge chini ya chama kimoja, tangu 1965 hadi 1990, ambapo karatasi ya kura ilikuwa na alama mbili, Jembe na Nyumba. Wawili hao waliwekwa na utaratibu wa uteuzi, si na hesabu ya kura, na ni vyema watoto waitambue tofauti hiyo. Katika mfumo wa vyama vingi, mbunge wa jimbo huchaguliwa kwa wingi wa kulinganisha, bali viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura, kwa chama kilichofikia angalau asilimia 5. Hivyo kanuni mbili tulizozijaribu kwa mbegu zote zimo katika Bunge moja.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu asitumie majina ya vyama vya nchini katika somo la mbegu. Mtoto atakayerudi nyumbani na kusema kwamba mwalimu amekishinda chama cha baba yake atakuwa amejifunza jambo lingine kabisa.

Pili, mwalimu asiseme kwamba kanuni moja ni ya haki na nyingine ni ya dhuluma. Wingi wa kulinganisha ni rahisi kueleweka, humpa mwananchi mbunge mmoja anayemjua, na mara nyingi huleta serikali isiyotegemea wengine. Uwiano huwapa wachache sauti, lakini huweza kukipa chama kidogo nguvu kubwa kinapokuwa ndicho kinachokamilisha idadi ya kutawala. Duru ya pili huhitaji fedha na muda. Watoto wapewe faida na hasara zote, kisha wapime wenyewe.

Tatu, kanuni itangazwe kabla ya kura kupigwa. Mwalimu akiibadili baada ya kuona matokeo, atakuwa amewafundisha watoto udanganyifu hata kama nia yake ni njema. Hii ndiyo sababu mwanachuo wetu asingeweza kurudia uchaguzi ule ili kumridhisha muulizaji. Angeweza, hata hivyo, kumjibu hivi: "Umesema kweli. Ninyi 25 hamkumchagua. Tulikubaliana kwamba mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake atashinda, kwa hiyo huyu ndiye kiranja wetu wa muhula huu. Muhula ujao, kabla ya kupiga kura, tutajadiliana kwanza juu ya kanuni." Jibu hilo lingelinda uchaguzi, lingemheshimu mtoto, na lingeliacha swali likiwa hai.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia kadi zilezile 45, panga safu tano kwa namna ambayo Vitabu vitapata viti vitatu. Eleza ulichogundua.

2. Vitabu vikishindana na Mpira peke yake, kisha na Ngoma peke yake, vitapata kura ngapi kila mara? Kwa nini basi vilishindwa katika hesabu ya kwanza?

3. Eleza kwa nini kura chache za chama cha tatu si ushahidi wa kutosha kwamba chama hicho hakipendwi.

4. Andika andalio la somo la dakika 40 juu ya uchaguzi wa kiranja wenye wagombea watatu. Onyesha ni wakati gani wanafunzi watakubaliana juu ya kanuni.

Hitimisho

Methali ya wazee wetu haijakosea. Wengi wapewe. Lakini mwalimu anayeiandika ubaoni awe tayari kueleza ni wengi kwa hesabu ipi, na ni nani aliyeichagua hesabu hiyo. Watoto tunaowafundisha leo watapiga kura baada ya miaka michache. Akitokea tena mmoja wao wa dawati la nyuma na kuuliza swali lile, asiambiwe aketi. Aitwe mbele, akabidhiwe makopo na mbegu, awahesabie wenzake.